Tuda Ashika Jiwe

Tulikuwa tumekwisha kuvuka kijito cha mwisho cha Amalu, nyumbu wa mizigo wanapanda kwa pumzi nzito, wageni wanne wanafuata na fimbo zao za kutembelea, Sakku alipotufikia mbio, kanzu yake ya sufu ameikunja mpaka magotini.

"Simama, Tuda."

Tuda hakusimama. Alikuwa mbele kama siku zote, ameshika kamba ya nyumbu wa kwanza, shuka lake la sufu lenye mistari amelifunga kifuani kwa pini ya fedha.

"Nimesema simama."

"Nyumbu ukimsimamisha kwenye mpando huu hataki kuondoka tena," alijibu bila kugeuka. "Kama una neno, litembeze."

Sakku ndiye kaka yake mkubwa, na tangu baba yao afariki yeye ndiye mwenye sauti katika nyumba. Akaongeza hatua, akawa sambamba naye.

"Neno lenyewe unalijua. Hii ni safari yako ya mwisho. Nimekuachia kwa sababu wageni wamekutaka kwa jina. Tukirudi, Mimun anakuja na watu wake, tunasoma Fatiha ya posa, na habari ya kuongoza wageni milimani imekwisha."

"Mimun amesema atanifanya nini? Atanifunga kamba jikoni?"

"Atakuweka nyumbani kama mke wa mtu. Nyumba ya wageni ni yake. Utapika, utatandika vitanda."

"Nitandike vitanda vya watu wanaokwenda huko ninakokujua mimi, halafu nibaki dirishani kuwapungia mkono."

"Wenzako wote wanaishi hivyo na hawajafa."

"Hawajafa. Umewahi kuwauliza kama wanaishi?"

Mpando ulikuwa unamla Sakku pumzi. Kisha akasema, "Na mimi nakwenda nanyi mpaka mwisho. Sitaki yule mwizi wa njia akutazame."

"Basi mfunge kitambaa machoni. Mimi sina mkono wa tatu, mmoja uko kwa nyumbu, wa pili nakufukuza wewe kama inzi."

Mimi nilikuwa nyuma na nyumbu wa masufuria, maana nilikuwa mpishi wa msafara. Nilicheka.

"Mzee, unacheka nini?" Sakku aliniuliza.

"Vumbi, mwanangu. Limeniingia kooni."

Huyo mwizi wa njia jina lake Akka, na wizi wake ulikuwa huu. Zamani wageni wote waliokuja kutembea katika milima ya hifadhi walilala Amalu, kijiji cha upande wa kivuli. Kisha Akka, mtu wa Asammer, upande wa jua, akapewa kazi ya kutunza njia. Akaona njia ya zamani inapita katikati ya majabali wanakozalia kondoo-mwitu, akaihamisha. Akajenga marundo ya mawe ya kuonyesha njia mpya, akapaka rangi kwenye miamba. Toka hapo wageni wanaanzia Amalu lakini usiku wanalala Asammer, na vitanda vya Mimun vikabaki kulaliwa na paka. Watu wa Amalu hawakumsamehe.

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Tuda mwenyewe. Alipanda mlimani, akayabomoa yale marundo kwa mikono yake. Akka akayajenga. Tuda akabomoa tena. Mara ya tatu alimkuta Akka ameketi juu ya rundo, anakula mkate wa shayiri.

"Bomoa," Akka alimwambia, "ila na mimi nimo."

"Ondoka hapo."

"Sijashiba. Kaa kwanza, ule. Kubomoa kunataka nguvu."

Tuda alikaa kwa sababu alikuwa na njaa, si kwa sababu nyingine, hivyo ndivyo alivyoniambia. Akka akampa darubini, akamwonyesha jabali la mbele. Kondoo-mwitu jike alikuwa amesimama ukingoni, na chini ya tumbo lake kitoto kinatetemeka miguu. Tuda alitazama kwa muda mrefu. Alipoishusha darubini alimkuta Akka hatazami kondoo. Hakubomoa tena. Na mimi niliyekuwa nikiwapikia wageni wake nikaanza kuona kwamba kila tukikaribia kilele anafungua shuka lake, analikung'uta, analifunga upya.

Siku ile pia alilifunga upya. Sakku aliona, akatema mate pembeni.

Kwenye kilele cha njia, panapoitwa Tizi n'Unzar, Akka alikuwa amepiga magoti anapanga mawe mahali theluji ilipokula ukingo. Akainua kichwa. Nimezunguka milima mingi na nimeona watu wengi wakitazamana, wengi wao hudokoa tu kama paka jikoni. Akka hakudokoa. Alimtazama Tuda wazi, kama mtu aliyezisikia hatua zake tangu bondeni.

"Asalaam aleikum," alitusalimu wote.

Sakku hakuitika. Kwetu kumnyima mtu salamu mlimani ni jambo zito, hata adui huitikiwa huko juu.

"Njia iko salama?" Tuda aliuliza.

"Salama. Pale chini pana barafu, wapitishe wageni upande wa ndani."

"Na wewe u salama?"

"Nilikuwa salama mpaka niliposikia habari za Mimun."

"Nani amekwambia?"

"Wachungaji wa mifugo. Wanatangaza kuliko redio."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema nitangoja Tuda aniambie kwa kinywa chake."

"Sijakubali," Tuda alisema.

"Hakuna aliyekuuliza," Sakku akadakia.

"Ndilo hilo, kaka. Hakuna aliyeniuliza."

Akka akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa rangi. "Kaka Sakku, nimetuma wazee kwenu mara mbili."

"Na mara mbili wamekunywa maji baridi badala ya chai, wakarudi kwao."

"Na mara ya tatu watakunywa nini?"

"Vumbi. Muulize mzee wetu, linamkaba vizuri."

Wageni walikuwa wanapiga picha mabonde, hawakujua kitu. Tuda akaomba maji. Akka akampa kiriba chake. Alikunywa taratibu, akakirudisha, na mikono yao ikakutana kwenye kamba ya kiriba ikakaa pale. Kamba ile haikuwa ndefu, lakini hakuna aliyeiachia. Macho ya Tuda yalikuwa yameloa, ila kidevu kilikuwa juu. Sakku ndiye aliyeikata hali ile, alimpiga nyumbu kofi la paja na nyumbu akaanza kuteremka.

"Teremka, Tuda. Umekwisha kunywa."

"Bado nina kiu," Tuda alisema, na akateremka.

Alishuka akitazama miguu ya nyumbu tu. Nilimkaribia nikamuuliza, "Binti, unawaza nini?"

"Namuwaza bibi yangu, mzaa baba."

"Alifanya nini bibi yako?"

"Usiniulize, ami. Sakku atakubana, na wewe hujui kudanganya."

Tulifika Asammer jua likiwa bado linapiga kuta. Wageni walilala kwa Itto, mama yake Akka, mjane mwenye maneno makali na mkate laini. Sakku alikuwa amekataa kuingia, akasema atakaa nje na nyumbu. Itto alitokea mlangoni, mikono ina unga.

"Karibu, Sakku. Au unaogopa chai yangu itakuoza meno?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba hasira. Hiyo nayo huhitaji kuteremshwa na chai."

Wakati wanajibizana, Tuda aliwapita. Akavuka ua, akaingia kwenye kibanda cha kusagia, akapiga magoti, akalikumbatia jiwe la juu la kusagia kwa mikono yote miwili.

Itto ndiye aliyeona kwanza.

Mwanamke wa huku akiingia nyumba ya watu na kulishika jiwe la kusagia, hakuna wa kumng'oa. Amekuwa wa mwenye jiwe. Mwenye jiwe atamwoa au atamlinda, apendavyo, lakini hamrudishi. Na ndugu zake wakimgusa, wamelivunjia heshima bonde zima. Bibi yake Tuda aliolewa hivyo. Tangu enzi hizo hakuna msichana aliyethubutu, watu walikuwa wamesahau kama inawezekana, na shayiri yenyewe siku hizi inasagwa na mashine mjini. Mawe yamebaki kwa unga wa harusi tu.

Sakku alikuja mbio, akasimama kwenye kizingiti kama aliyegonga ukuta.

"Tuda, achia."

"Siachii."

"Unajua unachofanya?"

"Ninajua kuliko wewe ulivyojua uliponigawa. Nimelishika jiwe la nyumba ya Akka mbele ya mama yake na mbele yako. Sasa kanitafutie Mimun, mwambie vitanda atandike mwenyewe."

Akka alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka mlimani. Alipoona Tuda ameketi sakafuni ameng'ang'ania jiwe, alishika mwimo wa mlango. Uso wake wote ulifunguka. Nikamtazama mama yake, nikitegemea apige vigelegele. Itto alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja chenye unga, anatikisa kichwa.

"Mwanangu," alisema polepole, "mwanangu, ungeniuliza kwanza."

Kabla hajamaliza, punda akaingia uani, na nyuma ya punda Ami Bassu, mwanamume wa ndevu nyeupe na mgongo ulionyooka, aliyefiwa na mkewe zamani na kuzika naye mazungumzo yote ya nyumba yake.

"Itto," aliita, "harusi ya mpwa wako imekwisha, nimekuja kuchukua jiwe langu."

Jiwe la Itto lilipasuka kwa baridi kali ya msimu ule, akaazima la jirani. Ami Bassu akachungulia kibandani. Akamwona Tuda, akaliona jiwe, akamwona Sakku.

"Nilikuja kuchukua jiwe," alisema, "naona lina mtu."

Sakku ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kibaya kinachotokea puani. "Haya, bibi harusi. Bwana harusi huyo amekuja na punda kabisa. Hata Mimun hajafika hapo kwa ukarimu."

Akka alisogea mbele. "Ami Bassu, yeye alinikimbilia mimi."

"Wewe nyamaza. Hapa anasema mwenye jiwe." Mzee akachuchumaa mbele ya Tuda, magoti yakalia. Alimtazama kwa muda, na hayakuwa macho ya babu kwa mjukuu, tusidanganyane. "Nyumba yangu iko kimya, binti. Nina ardhi karibu na maji, nina miti ya jozi yenye kokwa tamu. Desturi si mimi niliyeitunga. Unajua hilo?"

"Ninalijua, ami."

"Basi ukiachia sasa, tutasema ulijikwaa. Ukiendelea kushika, wewe ni wangu."

Kila mtu alitazama mikono yake. Akka alikuwa amekuwa mweupe kama rangi yake ya miambani. Nami nilijua, kama walivyojua wote, kwamba akiachia, Sakku atamshika hapo hapo, na mbele yake ni Mimun.

Tuda alilikumbatia jiwe zaidi.

"Sikufichi, ami. Nilimfuata Akka. Ningejua jiwe ni lako ningeshika hata bomba la jiko. Lakini siachii, kaka yangu asipate la kucheka njiani. Umesema mimi ni wako, sawa. Sasa sikiliza umepata nini. Kila alfajiri nitaondoka na wageni kabla hujaamka. Mkate utaupika mwenyewe au utaula wa jana. Nitapita Tizi n'Unzar, na yule pale atakuwa juu anapanga mawe, na nitamtazama. Leo nitamtazama na kesho nitamtazama. Sitakudanganya kwamba natazama kondoo. Kama unamtaka mke wa hivyo, nifunge juu ya punda wako pamoja na jiwe, twende."

Ami Bassu alipapasa ndevu zake. Nje punda alitikisa masikio.

"Marehemu mke wangu," alisema mwishowe, "alikuwa anabishana nami kuhusu chumvi. Chumvi tu, na nilishindwa miaka yote ya ndoa. Huyu ataniua kabla ya mavuno." Akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Tuda. "Desturi inasema nikuoe au nikulinde. Sikujaliwa binti. Kuanzia sasa wewe ni binti wa nyumba yangu, na anayekutaka aje kwangu. Wewe Akka."

"Naam, ami."

"Njoo na wazee na sukari ya bonge, uombe kama watu wanavyoomba. Nitakukatalia kidogo kwanza, usikasirike. Sijawahi kupata nafasi hiyo."

Itto akalia na kucheka kwa pamoja. Sakku hakucheka. Alikaribia, akachuchumaa usawa wa macho ya dada yake, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ndiyo maana ilitisha.

"Nisikilize. Huyu akiwa baba yako, mimi si kaka yako. Usikanyage Amalu. Si chemchemi yetu, si kichochoro chetu, na mlango wa mama umefungwa kwako. Wewe ni mtu wa njia, Tuda. Nusu ya njia yako imekufa leo. Achia tu hilo jiwe, twende nyumbani, sitalitaja tena, wallahi."

Tuda alimtazama kaka yake kwa upendo mwingi, na hilo ndilo lililoniumiza. Walilala mkeka mmoja utotoni, walichunga pamoja.

"Mlango ni wa mama, kaka, hukuujenga wewe. Na njia haina mwenyewe. Kesho wageni hawa wanashukia Amalu, gari lao linawasubiri hapo. Nitawapeleka."

"Ukipita, hakuna atakayekuitikia salamu."

"Nitasalimia hivyo hivyo."

Sakku aliondoka peke yake jioni ile, hakuchukua nyumbu. Tuda aliliachia jiwe alipoacha kuzisikia hatua zake. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, Akka akapiga magoti kuisugua, mbele ya mama yake, na Ami Bassu akageuka kutazama kuta kama baba anavyopaswa.

"Miaka yote hii unanionyesha njia," Tuda alimwambia kwa sauti ya chini, "kumbe jambo moja hukuniambia."

"Lipi?"

"Kwamba jiwe lenu limepasuka."

"Ungeuliza. Nami ningekwambia lipi la kushika."

"Lipi?"

Akka akakunja vidole vyake juu ya vile vya Tuda, akavishikilia.

Asubuhi Akka alimwomba awashushe wageni kwa korongo la chini, wasipite katikati ya kijiji. "Mimi nitakwenda nao," alisema. "Wewe pumzika siku hizi za kwanza, hasira zipoe."

"Nikikwepa leo nitakwepa maisha yangu yote. Na wewe usinifuate. Wakituona wawili watasema umeniburuta."

Akka alitaka kubisha. Akamtazama, akaona haitafaa, akaenda kukaza mizigo.

Basi tukaingia Amalu mchana, Tuda mbele na kamba mkononi. Milango ilikuwa imefungwa kichochoro kizima. Mimun alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake ya wageni, mikono kifuani.

"Asalaam aleikum, Mimun."

Kimya.

"Asalaam aleikum, mama Izza." Dirisha likafungwa. "Asalaam aleikum, Ami Haddu." Mzee akageuza kichwa kuangalia kuku wake.

Alisalimia kila nyumba kwa jina, bila kuruka hata moja, sauti haikushuka. Wageni wakadhani ndivyo ilivyo ada ya kuaga, wakawa wanapunga mikono. Sakku alisimama mbele ya mlango wa kwao. Tuda alipomfikia, naye alimsalimia kwa jina. Sakku alitazama ardhi, lakini hakuziba njia.

Mama yao alikuwa juu ya paa la nyumba, anaanika tini. Aliinama ukingoni. Kijiji kizima kilikuwa kimetega masikio nyuma ya milango ile.

"Tuda," alisema, "kamba ya nyumbu wako imelegea. Ikaze, usije ukaangusha mizigo ya watu."

Kamba ile niliifunga mimi mwenyewe na haikuwa imelegea. Tuda akasimama, akaikaza chini ya macho ya mama yake, bila haraka.

"Imekaza sasa, mama?"

"Imekaza. Nenda."

Tukaenda.

Tuda na Akka walioana msimu wa jozi, bibi harusi akitokea nyumbani kwa Ami Bassu, ambaye aliwakatalia wazee mara moja kama alivyoahidi, kisha akawamiminia chai. Wana watoto wawili. Tuda bado anaongoza wageni, na Akka bado anatunza njia. Ami Bassu alifariki kifua kilipombana majira ya baridi, akamwachia Tuda miti yake ya jozi. Sakku hakuja harusini. Anaendesha lori mjini Midelt, na akikutana na Akka sokoni anaitikia salamu, si zaidi. Mimun alioa mwalimu kutoka mji wa Rich, akahamia huko, nyumba yake ya wageni akaiuza. Mama yake Tuda huvuka kilele kila kiangazi, anakaa Asammer mpaka baridi ianze. Itto hasikii vizuri siku hizi. Mimi niliacha upishi kwa sababu ya magoti. Njia ya Tizi n'Unzar hupitika theluji ikiisha, na hufungwa ikirudi.